Baridi kali, umeme hakuna: Usilale na jiko la mkaa

Kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Njombe, Makete, Mufindi, Mbeya, Lushoto na wale wa miteremko ya Kilimanjaro na Meru huishi maisha ambayo ndugu zao wa Dar es Salaam hawayaelewi vizuri. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 kutoka usawa wa bahari. Uwanda wa Kitulo uko juu zaidi, na huko zipo asubuhi ambazo nyasi zinaamka zimekuwa nyeupe kwa barafu. Nyumba nyingi ni za tofali na bati, sakafu ni ya saruji, baadhi hazina dari, na upepo unapita kati ya ukuta na paa usiku kucha.

Mwenye uwezo huwa na hita ndogo ya umeme, au angalau birika la kuchemshia maji ya moto ya kunywa na kuogea mtoto. Sasa umeme ukatike saa mbili usiku, na mvua ya manyunyu iwe inanyesha. Mtoto anakohoa. Bibi anatetemeka kitandani. Kule jikoni, jiko la mkaa lililopikia ugali bado lina makaa mekundu, hayatoi moshi wala harufu. Mzazi analibeba kwa kipande cha kitambaa, analiweka chumbani karibu na kitanda, anafunga mlango ili joto lisitoke, na wote wanalala.

Nimeeleza hivi ili ieleweke kwamba jambo hili halifanywi na watu wazembe. Hufanywa na mzazi anayemhurumia mwanawe. Ndiyo maana kukaripia watu hakusaidii. Kinachosaidia ni mtu kuelewa kile kinachotoka kwenye yale makaa, na kujua njia nyingine ya kuivusha familia hadi asubuhi.

Si kukosa hewa, ni sumu

Watu wanapokutwa wamefariki chumbani na jiko likiwa pembeni, habari husambaa kwamba wamekufa "kwa kukosa hewa". Hata sisi wa magazetini tunaandika hivyo. Maneno hayo yamezoeleka, lakini yana madhara yake, kwa sababu anayeyasikia hujisemea kwamba kama tatizo ni kukosa hewa, basi akiacha dirisha wazi kidogo hewa itaingia na mambo yatakuwa sawa.

Ukweli ni kwamba watu hao wamepewa sumu. Mkaa unapoungua hutoa gesi iitwayo kaboni monoksaidi. Gesi hiyo haina rangi, haina harufu, haina ladha na haiwashi macho wala koo. Moshi wa kuni una fadhila moja: unakukera mpaka unatoka nje. Gesi hii haikupi taarifa yoyote.

Ndani ya damu kuna kemikali iitwayo hemoglobini, inayobeba oksijeni kutoka kwenye mapafu na kuipeleka kwenye ubongo, moyo na viungo vingine. Kaboni monoksaidi hung'ang'ania hemoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Ikishakaa hapo, oksijeni haina pa kupanda. Ni kama daladala iliyojaa abiria wasioteremka: hata likija kundi kubwa la watu kituoni, hakuna nafasi. Kwa hiyo chumba kinaweza kuwa na oksijeni ya kutosha kabisa, na mtu akafa kwa sababu damu yake imeshindwa kuibeba.

Viungo vya kwanza kuumia ni vile vinavyotumia oksijeni nyingi, yaani ubongo na moyo. Ubongo ukianza kulewa, mtu hupata usingizi mzito na miguu hukosa nguvu. Wapo walionusurika ambao husimulia kwamba walihisi jambo haliko sawa, wakataka kuamka wafungue mlango, mwili ukakataa.

Mazoea matatu yanayodanganya

La kwanza ni lile la kusubiri mkaa "uive". Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba jiko huwashiwa nje, linapepewa mpaka moshi uishe, kisha likishakuwa jekundu linaingizwa ndani. Kwa kuondoa moshi ni sawa. Kwa kuondoa sumu si sawa hata kidogo. Makaa mekundu yasiyotoa moshi ndiyo yanayotoa kaboni monoksaidi kwa wingi, na yanapofunikwa na majivu yakawa yanaungua polepole usiku, bado yanaendelea kuitoa.

La pili ni dirisha. Kuacha dirisha nusu wazi kunapunguza gesi lakini hakuna anayeweza kukuambia kumepunguza kiasi gani. Inategemea ukubwa wa chumba, upepo wa usiku huo na wingi wa mkaa. Isitoshe, mtu aliyeingiza jiko kwa ajili ya baridi hawezi kuvumilia dirisha wazi. Saa sita usiku atainuka alifunge.

La tatu ni beseni la maji. Ukisikia mtu akishauri kwamba ukiweka beseni la maji karibu na jiko maji yatanyonya sumu, usimsikilize. Gesi hii karibu haiyeyuki kabisa katika maji. Beseni litaongeza unyevu chumbani, na sumu itabaki pale pale.

Hayo yote yanahusu pia majiko ya kisasa. Jiko banifu linatumia mkaa kidogo na hilo ni jambo jema kwa mfuko wako na kwa misitu, lakini mkaa ni mkaa. Mkaa mbadala uliotengenezwa kwa vumbi au mabaki ya mimea nao hutoa gesi hiyo hiyo. Jiko la gesi la mtungi ni salama zaidi kwa kupikia, ila halikutengenezwa kupasha chumba joto. Likiachwa linawaka saa nyingi katika chumba kilichofungwa, linakula oksijeni, na moto wake usipoungua vizuri, ukaonekana wa njano badala ya bluu, nalo hutoa kaboni monoksaidi. Pika, zima, funga mtungi.

Kwa wenye jenereta, moshi wake una gesi hii kwa kiwango kikubwa sana. Jenereta haliwekwi sebuleni, dukani, stoo, wala barazani chini ya dirisha. Liwe nje kabisa, angalau mita sita kutoka kwenye milango na madirisha, na bomba la moshi litazame upande ambao hakuna watu. Gari nalo lisiwashwe ndani ya gereji ili watu wapate joto, hata mlango wa gereji ukiwa wazi.

Haya hayatokei kwetu tu. Februari 2021, jimbo la Texas nchini Marekani, ambako wanaishi Watanzania, Wakenya na Wakongo wengi, lilipigwa na dhoruba ya barafu na mamilioni ya nyumba zikakosa umeme kwa siku kadhaa. Ni watu waliozoea kubonyeza kitufe ukutani wakapata joto. Umeme ulipokatika, baadhi waliingiza ndani majiko ya mkaa ya kuchomea nyama, wengine wakawasha jenereta ndani na wengine magari gerejini. Idara ya afya ya jimbo hilo ilihesabu vifo 246 vilivyotokana na dhoruba ile. Theluthi mbili hivi vilisababishwa na baridi yenyewe, na 19 vilitokana na kaboni monoksaidi. Takwimu hizo zinatukumbusha mambo mawili kwa pamoja: sumu inaua, na baridi nayo inaua. Kumwambia mtu aondoe jiko bila kumwambia atapataje joto ni kumuachia nusu ya tatizo.

Nitajuaje kama tumeathirika?

Dalili za mwanzo ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kutapika, uchovu na miguu kulegea. Baadaye mtu huchanganyikiwa, hupumua kwa shida, hupata maumivu ya kifua, degedege, kisha hupoteza fahamu. Mtoto mchanga hawezi kusema kichwa kinamuuma. Yeye atalia bila kutulizika, atakataa kunyonya, atatapika au atalegea na kulala kupita kawaida yake.

Ukitazama orodha hiyo utaona kwa nini wagonjwa hawa hupotea kirahisi. Hapa kwetu, mtu anayeamka na maumivu ya kichwa na kutapika husema ana malaria, au mafua, au chakula cha jana kilikuwa kibovu. Anameza paracetamol, jioni analala tena na jiko lile lile.

Kuna maswali ambayo mzazi anaweza kujiuliza. Je, mwili una homa? Sumu hii kwa kawaida haileti homa. Je, ni mmoja anayeumwa au wote mliolala chumba kimoja mmeamka na kichwa kizito? Malaria haiwakamati watu watano kwa usiku mmoja saa ile ile. Je, mkitoka nje mnapata nafuu, na mkirudi ndani hali inarudi? Na je, jiko lililala wapi? Swali hilo la mwisho nawaomba hata wenzangu wa vituo vya afya waliulize kila asubuhi ya baridi, kwa sababu mgonjwa mwenyewe mara nyingi halitaji. Haoni uhusiano wowote kati ya jiko na kichwa chake.

Ukiwakuta watu hawaamki

Usiingie chumbani ukaanza kukagua. Vuta pumzi nje, ingia, fungua mlango na madirisha, toka uvute pumzi tena. Kisha wavute watu watoke nje kwenye hewa safi, mmoja baada ya mwingine, ukisaidiwa na majirani. Yapo matukio ambayo mwokoaji naye ameanguka ndani kwa sababu alikaa muda mrefu. Jiko litolewe na mtu mwingine wakati wewe unashughulika na watu. Piga 114, namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji, au tafuta usafiri mara moja.

Anayepumua lakini hana fahamu mlaze kwa ubavu ili akitapika asipaliwe. Asiyepumua, anayejua kubana kifua na kupuliza pumzi aanze hapo hapo. Wote wafunikwe, maana mmewatoa kwenye joto mkawalaza kwenye umande.

Maziwa msimpe. Imani kwamba maziwa huondoa kila sumu imeenea sana nchini, lakini sumu hii iko kwenye damu, haiko tumboni, na kumnywesha mtu aliyepungukiwa fahamu ni kumpalia mapafu. Usimmwagie maji baridi pia.

Hospitali wataanza kumpa oksijeni nyingi kwa barakoa, na hiyo ndiyo dawa yenyewe. Mtu akiwa anavuta hewa ya kawaida, huchukua saa nne hadi sita kwa kiasi cha sumu hii katika damu kupungua kwa nusu. Akiwekewa oksijeni ya barakoa, muda huo hushuka hadi kama saa moja au moja na nusu. Kwa hiyo aliyeamka akasema "niko sawa sasa" bado anatakiwa kwenda. Hasa mama mjamzito, kwa sababu damu ya mtoto aliye tumboni huishika gesi hii kwa nguvu zaidi na huiachia polepole kuliko damu ya mama. Mama anaweza kujisikia mzima huku mtoto yuko hatarini.

Mkifika, waambieni wahudumu waziwazi kwamba mlilala na jiko. Kile kifaa cha kubana kidoleni kinachoonyesha kiwango cha oksijeni hakiwezi kutofautisha oksijeni na kaboni monoksaidi; kinaweza kuandika asilimia 98 kwa mtu aliye mahututi. Bila maelezo yenu, mgonjwa anaweza kurudishwa nyumbani. Na baada ya kuruhusiwa, angalieni wiki zinazofuata: wengine hupata matatizo ya kumbukumbu, kubadilika tabia au kutembea kwa shida siku kadhaa au wiki chache baadaye. Wakirudi hospitali wakati huo, wakumbushe kuhusu jiko.

Pasha joto mtu, usipashe chumba

Sasa tuje kwenye usiku wenyewe. Mwili wa binadamu unatengeneza joto lake muda wote. Kazi yetu ni kulizuia lisipotee. Chumba chenye dari ya juu na bati juu yake huwezi kukipasha kwa jiko moja. Joto lote linapanda na kutoka. Lakini mtu mmoja ndani ya nguo tatu na blanketi unaweza kumhifadhi mpaka asubuhi.

Anzeni mchana. Jua likitoka, hata la saa mbili tu, fungueni madirisha, anikeni magodoro na mablanketi. Nguo yenye unyevunyevu huvuta joto mwilini haraka kuliko nguo kavu, na matandiko ya ukanda wa milimani hunyonya unyevu kila usiku. Kabla jua halijazama fungeni madirisha na mapazia. Tambaa lililokunjwa chini ya mlango linazuia upepo mwingi kuliko watu wanavyodhani. Hapa nisisitize: ziba matundu kama hakuna moto wowote ndani. Kuziba na kuwasha jiko ni mambo mawili yasiyokaa nyumba moja.

Chini ni muhimu kuliko juu. Watu hununua blanketi la tatu la kujifunika huku wamelala kwenye godoro jembamba juu ya saruji. Tandikeni maboksi yaliyokunjuliwa, mkeka au magunia makavu chini ya godoro, na mtaona tofauti usiku huo huo. Nguo nyepesi mbili au tatu zilizovaliwa moja juu ya nyingine ni bora kuliko koti moja zito, kwa sababu hewa iliyonaswa katikati ndiyo inayotunza joto. Vaeni soksi kavu, kofia na skafu. Ukilala na soksi ulizoshinda nazo kwenye matope, umelala na maji.

Kusanyikeni chumba kimoja. Watoto wakubwa walale pamoja chini ya mablanketi yaliyounganishwa. Kuleni chakula cha jioni cha kutosha; mwili hauwezi kutengeneza joto bila kuni zake, na uji wa moto kabla ya kulala hufanya kazi mbili. Chemsheni maji wakati mnapika, mjaze chupa ya chai, ili saa tisa usiku mtoto akiamka pasiwe na haja ya kuwasha chochote.

Mpira wa maji ya moto ni rafiki mzuri. Jaza maji ya moto yasiyochemka, kaza kifuniko, geuza uone kama inavuja, kisha viringisha kwa taulo au kanga. Chupa ya soda ya plastiki husinyaa na kupasuka ikitiwa maji yanayochemka, kwa hiyo iache. Kwa mtoto mdogo, weka mpira huo kitandani kabla hajalala, na uutoe wakati unamlaza. Vivyo hivyo kwa mgonjwa wa kisukari aliyepoteza hisia miguuni na kwa mtu aliyepooza: wanaweza kuungua usiku mzima wasijue.

Kuhusu ulanzi na pombe nyingine. Inakubalika kwamba mtu akinywa huhisi joto. Joto hilo ni damu iliyokimbilia kwenye ngozi, na kutoka hapo inapotea hewani. Ndani, mwili unapoa. Mlevi pia hatambui kwamba anapata baridi, halafu analala fofofo ambapo blanketi limeanguka. Kama kuna usiku wa kuacha kunywa, ni huo.

Kwa mwanga, tumieni tochi au taa ya sola. Mshumaa uliobandikwa kwenye kiti karibu na chandarua, au koroboi iliyoachwa inawaka ili watoto wasiogope giza, huunguza nyumba. Na umeme ulipokatika, kumbukeni kuchomoa pasi na hita. Unaporudi usiku wa manane zinawaka peke yake, pengine juu ya kitanda.

Mtoto mchanga

Mtoto aliyezaliwa hupoteza joto haraka sana, na aliyezaliwa kabla ya wakati ni zaidi. Joto lake linatakiwa kuwa kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Njia bora ya kumpasha joto haihitaji umeme wala mkaa: ni kifua cha mama. Mvue mtoto abaki na nepi, kofia na soksi, umuweke kifuani wima, ngozi kwa ngozi, katikati ya matiti, kisha umfunge kwa kitenge na kujifunika blanketi juu. Hiyo ndiyo njia ya kangaruu inayofundishwa katika wodi zetu za wazazi. Baba anaweza kuifanya, bibi anaweza kuifanya, na kwa kupokezana usiku unakwisha. Uso na pua ya mtoto vibaki wazi muda wote.

Asiogeshwe ndani ya saa 24 za kwanza baada ya kuzaliwa. Baada ya hapo, usiku wa baridi ukikosa maji ya moto, mfute tu. Hakuna mtoto aliyekufa kwa kukosa kuoga siku moja. Mnyonyeshe mara kwa mara.

Kama huna kipimajoto, gusa miguu na tumbo. Miguu ikiwa ya baridi lakini tumbo lina joto, ongeza nguo na mkumbatie. Tumbo nalo likiwa la baridi, au mtoto ananyonya kwa udhaifu, analia kwa sauti ndogo au amelegea, mweke ngozi kwa ngozi na ondokeni naye kwenda kituo cha afya akiwa hivyo hivyo kifuani. Namba 115 hupigwa bure kwa ajili ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga. Upande wa pili, mtoto aliyefungwa nguo saba akawa anatoka jasho shingoni amezidishiwa. Jasho likikauka litamrudisha kwenye baridi.

Wazee na wagonjwa

Mzee anaweza kupoa bila kutetemeka na bila kulalamika. Ukimuona anaongea kwa kuburuza maneno, anachanganya majina ya wajukuu, anajikwaa au anasinzia mchana, shika tumbo lake chini ya nguo. Joto la mwili likishuka chini ya nyuzi 35 hiyo ni dharura. Mvue nguo zenye unyevu, mfunike kifua na mgongo kwanza, mkae naye karibu mwili kwa mwili, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu zake, na mpelekeni hospitali. Msimsugue mikono na miguu kwa nguvu. Msimsogeze jikoni akaote moto uso kwa uso.

Baridi hubana mishipa ya damu, kwa hiyo presha huelekea kupanda miezi hii. Dawa za presha zisikatishwe, na wenye kifaa cha kupimia nyumbani wapime mara nyingi zaidi. Wenye pumu wasikae karibu na moshi wa aina yoyote, na pampu yao ya kuvuta ilale karibu na mto. Anayetegemea mashine ya kuvuta dawa ya mvuke inayotumia umeme anapaswa kuwa na pampu ya mkononi ya akiba. Anayetumia mashine ya oksijeni ya umeme nyumbani amuulize daktari wake leo, wakati umeme upo, kuhusu mtungi wa akiba na hospitali ya kukimbilia. Na mtu huyo hapaswi kuwa chumba kimoja na mshumaa au jiko, kwa sababu oksijeni huchochea moto.

Mtoto mwenye selimundu ni wa kuangaliwa kwa macho mawili. Baridi ni moja ya vitu vinavyochokoza maumivu makali ya mifupa. Avae mapema kabla hajahisi baridi, asinyeshewe, na anywe maji ya uvuguvugu kila mara, maana watoto hawataki maji siku za baridi na upungufu wa maji nao huchokoza maumivu.

Wa kisukari mara nyingi huhangaika na insulini friji linapozima. Katika majira haya hilo ni jambo dogo: chupa iliyofunguliwa hukaa nje ya friji hata wiki nne ikiwa joto halizidi nyuzi 30, na Njombe ya Julai haifiki huko. Cha kuogopa ni kinyume chake, insulini iliyowekwa dirishani ikaganda. Ikishaganda, hata ikiyeyuka, itupwe.

Limebaki kundi moja ambalo halisomi safu za wazazi. Mlinzi wa usiku hupewa kibanda cha bati chenye mlango na kidirisha kimoja, na baridi ikizidi anaingia humo na jiko lake. Wanafunzi waliopanga chumba kimoja hupika na kulala pale pale. Msibani, akina mama hulala wengi ndani ya chumba kimoja na jiko la chai katikati. Aliyeajiri mlinzi ampe koti zito, buti, kofia na chupa ya chai, na jiko likae nje chini ya kipaa ambapo anaweza kuota moto akiwa macho. Mwenye nyumba aliyepangisha wanafunzi apite jioni aone majiko yanalala wapi. Na msibani, mtu mmoja apewe kazi ya kutoa jiko nje kabla taa hazijazimwa, kisha amwage maji juu ya makaa.